Programu za kunakili: Kabla ya kuhukumu, tujiulize

Hivi karibuni nilimkemea kijana mwenye steshenari hapa Miembeni, Bukoba. Kompyuta yangu ilikuwa imegoma, naye akaifufua kwa Windows ya kunakili. Nikamwambia hiyo ni mali ya watu. Nikamkumbusha kuwa Baraza la Fiqhi la Kiislamu, katika kikao chake cha Kuwait mwaka 1988, lilipitisha kwamba haki za watunzi na wavumbuzi zinalindwa na sheria, haijuzu kuzivunja. Nikamaliza: “Linux ipo, ni bure na ni halali. Hamia huko.”

Akanisikiliza kwa adabu, kisha akasema: “Sawa, Ustadhi. Anza wewe.”

Nikaanza. Faili la Ubuntu linazidi gigabaiti 5. Bando langu likakata njiani, nikaenda kupakua kwenye ofisi ya rafiki. Printa ikagoma siku mbili. Mtihani wangu niliouandika kwa Word ukafunguka aya za Kiarabu zimevurugika. Nilivuka kwa sababu nimesoma chuo kikuu, naelewa maelekezo ya Kiingereza, na mshahara wangu haukusimama siku zile nikihangaika. Kijana yule akifunga kazi siku mbili, nyumbani kwake watakula nini?

Je, basi kunakili ni halali kwa asiye na uwezo? Hapana. Dhiki haigeuzi mali ya mtu kuwa yako. Lakini aya ya mwisho ya Suratul Baqara inatufundisha kuwa majukumu hupimwa kwa uwezo. Kama ni hivyo, mimi niliyeweza ndiye ninayedaiwa kwanza, nami nilikuwa nimekaa kwenye kiti cha hakimu.

Wapo waliolielewa hilo mapema. Mwaka 2004 mradi wa Kilinux, uliokuwa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ulitoa Jambo OpenOffice, programu za ofisi kwa Kiswahili. Ubuntu nayo, hadi mwaka 2011, ilikuwa ikituma CD kwa posta bila malipo. Walijua kuwa kitu cha bure nacho kina nauli yake, na lazima awepo wa kuilipa.

Leo haja imezidi. Oktoba 14, 2025 Microsoft ilisitisha matunzo ya kawaida ya Windows 10, na kompyuta nyingi kuukuu hazikidhi masharti ya Windows 11. Naona elimu hii sasa ni fardhi kifaya: wasipojitokeza wanaoiweza, lawama si ya wenye steshenari. Msikiti au madrasa yenye intaneti ipakue mara moja, igawe kwa flashi. Kwa Linux, kunakili kumeruhusiwa na wenyewe.

Nami nimerudi kwa kijana yule na flashi mkononi, baada ya Alasiri. Amekubali kuhamisha kompyuta moja kati ya tatu. Zile mbili sijamwambia kuwa ni halali. Nimemwambia nitakuja tena wiki ijayo.

Wabillahi tawfiq.