BIBI NA BWANA WALIOSHIKA NGAO



Msimu wa mavuno umetufikia tena katika bonde letu la Kilombero, na siku hizi za mpunga tunapenda tutafakari pamoja juu ya picha moja ambayo kila mmoja wetu ameiona mara nyingi, ingawa ni wachache walioitazama vizuri. Nayo ni Nembo ya Taifa letu, ile ambayo watu wengi huiita Bibi na Bwana.

Desturi ya nembo ni ya zamani. Huko Ulaya, katika karne ya 12, askari wapanda farasi walivaa kofia za chuma zilizofunika nyuso, hata rafiki asimtambue rafiki yake vitani. Kwa hiyo wakachora alama juu ya ngao zao. Baadaye koo, maaskofu na miji nao wakajipatia alama zao; hata miji midogo ya Ufaransa ina ngao zake mpaka leo, na Paris, mji mkuu wao, una merikebu. Lakini tusidhani kwamba jambo hili ni la Wazungu tu. Katika Hesabu 2:2 twasoma jinsi Waisraeli walivyoagizwa jangwani kupiga kambi zao kwa kufuata bendera, na kila nyumba na alama yake. Alama huwaambia watu: hawa ni nani, na wamekubaliana kuishi namna gani.

Basi, nembo yetu yasema nini? Katikati ipo ngao, nayo imesimama juu ya mlima Kilimanjaro. Sehemu ya juu ya ngao ni ya rangi ya dhahabu, yaani madini ya nchi, na hapo mwenge unawaka. Chini yake ipo bendera ya Taifa. Kisha rangi nyekundu, ambayo ni udongo wetu wenye rutuba. Na chini kabisa mawimbi ya buluu na nyeupe, ambayo ni maji, bahari yetu na maziwa yetu. Upo mkuki wa kulinda, na shoka na jembe vimepishana, ndizo zana za kujenga nchi. Chini pameandikwa: Uhuru na Umoja. Na huku na huku wamesimama bwana na bibi, kila mmoja ameshika pembe ya ndovu. Miguuni pa bwana umeota mkarafuu, na miguuni pa bibi umeota mpamba.

Hapo ndipo tunapotaka kukaa leo. Pembe zile mbili zalingana. Bibi hakupewa pembe ndogo, wala hakuwekwa nyuma ya bwana achukue mzigo huku bwana akitazamwa na watu. Ngao iko kati yao, na udongo, maji, jembe na shoka vyote vimo ndani ya ngao hiyo moja. Tena pembe za ndovu ni mali ya thamani kubwa, ambayo tamaa yake iliwapotezea watu wengi utu wao katika nchi hizi. Lakini zile za katika nembo hazimo sokoni. Zimeshikwa na wawili.

Sasa tutoke katika picha tuingie bondeni. Ni nani asiyejua kazi ya mpunga? Mvua zikianza, jamaa huacha nyumba Ifakara au kijijini, wakahamia vibanda vya shambani kwa miezi mingi. Baba analima, mama analima. Palizi ikija, mama yumo majini tangu alfajiri, mtoto mgongoni. Mpunga ukianza kutoa masuke, kuna kuamia ndege kutwa nzima. Kisha kuvuna, kupura na kupepeta. Katika kazi hizo zote huwezi kusema kwamba hapa pameishia mkono wa bwana na hapa umeanza mkono wa bibi.

Lakini magunia yakishafungwa, mara nyingine picha hubadilika. Mnunuzi anakuja, na anayezungumza naye ni mmoja tu. Bei inakubaliwa na mmoja tu. Fedha zinaingia mfuko mmoja, na mama anaambiwa tu kwamba mpunga umeuzwa. Nyumba nyingine huuza mpunga ungali kijani shambani, kwa bei ya kutupa, na mama hana habari mpaka siku ya kuvuna. Ikifika Januari, njaa inapobisha hodi na watoto wanadaiwa sare za shule, anayeulizwa chakula ni yule yule ambaye hakuulizwa bei. Hatusemi kwamba kila nyumba iko hivyo. Yako majumba mengi ya amani, nasi twamshukuru Mungu kwa ajili yake. Lakini machozi ya jambo hili yamo hata miongoni mwetu tunaokaribia meza moja ya Bwana.

Hapo tukumbuke habari ya Mathayo 22. Bwana Yesu alipotegwa kwa swali la kodi, aliomba aonyeshwe fedha, akauliza ni sura ya nani iliyomo. Wakasema ni ya Kaisari. Akawajibu kwamba cha Kaisari apewe Kaisari, na cha Mungu apewe Mungu. Basi nasi tuzitazame noti za shilingi tunazohesabu baada ya kuuza mpunga. Imo nembo ya Taifa, na ndani ya nembo wamo bwana na bibi. Ewe baba unayezihesabu peke yako gizani, huyo mama uliyemwacha nje ya shauri yumo mkononi mwako. Na je, yeye mwenyewe, pamoja nawe, amechapwa sura ya nani? Mwanzo 1:27 yatufundisha kwamba Mungu alimwumba mwanadamu kwa mfano wake, mume na mke. Kwa hiyo anayempokonya mwenziwe haki yake hakugusa fedha tu. Amegusa chenye chapa ya Mungu.

Hata sheria za nchi zimekwisha kuliona jambo hili. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 yakataza nyumba ya ndoa kuuzwa bila ridhaa ya mwenzi. Mwaka 1983, katika shauri la Bi Hawa Mohamed na Ally Sefu, Mahakama ya Rufani ilitamka kwamba kazi za mke nyumbani ni mchango katika mali iliyopatikana ndani ya ndoa. Na Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 yampa mwanamke haki ya ardhi sawasawa na mwanamume. Yatupasa kuona aibu ikiwa mahakama imeyajua haya, na Kanisa lenye Neno la Mungu likanyamaza.

Lakini tuangalie pia upande wa pili. Anania na Safira, katika Matendo 5, waliuza kiwanja kwa shauri moja, wakapatana vizuri sana. Ila walipatana katika uongo. Kwa hiyo akina mama nao wasifiche madeni na akiba, wakidai haki huku wakizima kweli. Umoja wa nyumba ya Kikristo ni wa kupatana mbele za Mungu.

Basi twashauri hivi. Kabla mnunuzi hajafika, mume na mke waketi pamoja, wahesabu magunia, wasali. Kwanza watenge chakula cha mwaka na mbegu. Kisha ada na mahitaji ya watoto, na sadaka ya shukrani. Yanayobaki ndiyo yauzwe, na bei ijulikane kwa wote wawili. Na pale bwana alipofariki, ndugu zake wasimwondoe mjane katika shamba alilolilima kwa jasho lake. Bibi aliyebaki peke yake bado ameshika ngao.

Sura ya 31 ya Mithali yamsifu mwanamke anayeliangalia shamba na kulinunua, na mwishoni yaagiza kwamba apewe sehemu katika matunda ya kazi yake. Hayo si maneno mapya ya siku hizi. Yalikuwapo kabla ya mahakama, kabla ya nembo, na kabla ya mababu zetu kulima bonde hili.

Mungu Baba aliyetuumba kwa mfano wake abariki mashamba yetu na nyumba zetu, atupe kuvuna kwa amani na kugawana kwa haki, kwa Yesu Kristo Bwana wetu. Amina.