Fakiri ni Nani?

Himdi zote ni za Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad na jamaa zake na masahaba zake.

Ndugu zetu Waislamu, neno "maskini" limekuwa jepesi katika ndimi zetu. Aliyepotewa na viatu mlangoni mwa msikiti twamwita maskini, na bibi kizee aliyelala na njaa siku mbili nyuma ya mlango wake twamwita maskini vile vile. Lakini sheria yetu haikuliacha jambo hili ovyo. Katika Suratut-Tawba, aya ya 60, Mwenyezi Mungu ametaja mafungu manane ya wenye kustahiki zaka, akaanza na mafakiri, kisha maskini. Na wanavyuoni wa madhehebu yetu ya Kishafi wakaipambanua tofauti yao kwa hesabu: ambaye haja yake ni dirhamu kumi, naye hapati ila mbili au tatu, huyo ni fakiri, na apataye saba au nane, huyo ni maskini. Basi kipimo ni kutosheka, na mpaka baina ya wawili hawa ni nusu ya haja.

Wako miongoni mwetu wasemao kuwa kumpima mwenye dhiki na kumwandika daftarini ni mambo tuliyoletewa na Wazungu. Wasemao hivyo hawakusoma tarehe yao. Sayyidna Umar bin Khattab (r.a.) aliamrisha jarib moja ya nafaka isagwe na ipikwe, akaita watu thalathini, wakala mchana mpaka wakashiba. Jioni akafanya vivyo hivyo. Kisha akahukumu kuwa jarib mbili zamtosha mtu mmoja kwa mwezi. Itazameni hesabu yake: kiwashibishacho watu thalathini kwa mlo mmoja ndicho kimshibishacho mtu mmoja kwa milo thalathini, na kwa kuwa ala mara mbili kwa siku, zikawa jarib mbili. Na yeye ndiye aliyeweka Diwani, daftari la majina ya watu na haki zao.

Serikali yetu ya Kenya nayo yapima kwa njia iliyo karibu na hiyo: huanza na thamani ya chakula, kisha huongeza mahitaji mengine. Katika uchunguzi wa mwaka 2015/16, ilikadiriwa kuwa mtu mzima ahitaji shilingi 3,252 kwa mwezi akiwa mashambani, na shilingi 5,995 akiwa mjini. Kwa kipimo hicho watu 36 katika kila 100 walikuwa chini ya mpaka. Na ili kuwasaidia, Serikali ilianza kuwapa mayatima mwaka 2004, wazee mwaka 2007, na mwaka 2018 ikawafungulia mlango wazee wote wa miaka 70 na zaidi wasiokuwa na pensheni. Mpango huu ndio uitwao Inua Jamii, na kila aliyeandikwa hukadiriwa shilingi 2,000 kwa mwezi.

Jambo hili ni jema, nasi twalishukuru. Lakini chukueni sasa kipimo cha Serikali mkiweke juu ya mizani ya Kishafi. Mzee wa mashambani asiyekuwa na kingine ila shilingi 2,000 hizo, amepita nusu ya haja yake, basi ametoka katika ufakiri akaingia katika umaskini. Mzee wa mjini, jirani yetu sisi, amepata thuluthi tu. Yeye angali fakiri. Na hii ni kwa bei za mwaka 2016, nanyi mwajua unga na mafuta vilivyopanda tangu siku hizo. Basi tajiri azuiaye zaka yake kwa kusema, "Huyo apewa na Serikali," hesabu yenyewe yamkadhibisha.

Na liko kosa lililo baya kuliko hilo. Mtu ana nyumba za kupangisha, naye amwendea mzee wa mtaa ili jamaa yake aandikwe katika fungu la mayatima, na yatima wa kweli akaambiwa nafasi zimekwisha. Huyo hakuidanganya Serikali; amekula mali ya yatima, na adhabu yake yajulikana. Tena yuko bibi kizee asiyekuwa na kitambulisho, naye kwa hivyo hana jina mahali popote. Na wako wale waliotajwa katika Suratul-Baqara, aya ya 273, ambao asiyewajua huwadhania kuwa ni matajiri, kwa vile wajizuiavyo na kuomba. Hawa hakuna mwandishi awezaye kuwapata. Wawajuao ni majirani, nao ni sisi.

Basi yatupasa tufanye nini? Kwanza, kila mtaa uwe na daftari lake. Imamu na wazee wakae pamoja na wanawake wa mtaa, kwani wao ndio waijuao meko isiyowashwa. Asiyekuwa na kitambulisho ashikwe mkono apelekwe akakitafute. Pili, tuache desturi ya kuitawanya zaka shilingi hamsini hamsini mwezi wa Ramadhani, mpokeaji akarudi mwakani katika safu ile ile. Imam Nawawi, ambaye Minhaj yake husomwa katika darsa zetu, ameitilia nguvu kauli ya kuwa fakiri apewe cha kumtosha umri wake: mwenye kazi ya mkono apewe vyombo vya kazi yake, na mfanyi biashara apewe mtaji. Na Mtume (s.a.w.) alipojiwa na Answari mwenye kuomba, aliuza vitu viwili vya nyumbani mwake, akamwamrisha sehemu ya thamani yake anunulie shoka, akamtuma kukata kuni. Basi mvuvi na apewe nyavu, mshoni apewe cherehani, na mwenye kupika mahamri apewe jiko na magunia ya unga. Nyumba tano zikiinuka mwaka huu ni bora kuliko nyumba mia tano kushiba siku moja.

Serikali itaulizwa juu ya daftari lake. Nasi tutaulizwa juu ya mlango wa jirani tuupitao mara tano kila siku tukienda msikitini.

Twamuomba Mwenyezi Mungu atuwafikishe katika kutekeleza amana hii, wala asitujaalie miongoni mwa walioshiba na jirani zao wana njaa. Amin.