Maelezo Yanapopingana na Msimbo

Kiini cha mfumo endeshi wa Linux kilianzishwa mwaka 1991 Finland. Msimbo wake huenda pamoja na maelezo yake. Vikipingana, kipi kimekosea? Wengi huufuata msimbo, kwa kuwa ndio unaotenda. Lakini maelezo ni ahadi: fundi wa Kisarawe aliyeyategemea hakusoma msimbo, aliamini neno. Katika Linux, tangu 2004 kila anayesahihisha msimbo au maelezo huweka jina lake kuthibitisha haki ya kutoa kazi hiyo. Lakini ukweli wa kazi yenyewe hukaguliwa na wengine. Mwaka 2016 maelezo yalianza kuhamishiwa muundo mpya. Hapo anayeyapanga upya ana mzigo mzito zaidi, maana faili nadhifu iliyopitwa na wakati hupotosha zaidi kuliko faili chakavu, ambayo walau humtia msomaji shaka.