Nyoka wa Malta na Lawama Zetu

Andiko: Matendo 28:1–6

Jumapili tulimsoma Paulo akiwa Malta. Meli imevunjika, mvua inanyesha, anaokota kuni, nyoka anamshika mkononi. Wenyeji wakaamua papo hapo: huyu lazima ni muuaji. Wakangoja avimbe. Walipoona ni mzima, wakageuka wakasema ni mungu. Hukumu ilibadilika, lakini njia ya kuhukumu ilibaki ile ile: jambo limetokea, basi mtu huyu ana kitu. Na Luka ametuambia sababu: ni joto la moto lililomtoa nyoka kwenye kuni. Hiyo hakuna aliyeiuliza.

Tusiwacheke. Huku Migori na Homa Bay tunafanya hivyo hivyo.

Fikiria boma ambalo mtoto wa kwanza alivimba mikono na miguu akiwa mchanga, macho yakawa manjano, mwishowe akafa. Wa pili yuko sawa. Wa tatu ameanza kulia na mifupa. Likizo ya Disemba alienda kwa dani, na aliporudi tu, akazidiwa. Si unasikia maneno? "Mbona boma hili tu? Mbona akitoka kwa dani?" Wengine wanasema chira, wengine uchawi. Sisi tuliookoka tunasema "laana ya ukoo", tukidhani tumesema kitu tofauti.

Lakini hizo ni dalili za seli mundu. Chembe za damu hujipinda kama mundu na kuziba mishipa midogo. Mtoto huugua akirithi kwa baba na kwa mama, na wao wenyewe kwa kawaida hawaumwi. Wazazi kama hao, katika kila mimba, nafasi ya kupata mtoto mgonjwa ni moja kati ya nne. Ndiyo maana ni boma hili na si lile, mtoto huyu na si yule. Mwaka wa 1954 Anthony Allison, mtafiti aliyekulia hapa Kenya, alionyesha kwamba anayerithi kwa mzazi mmoja tu hupata kinga dhidi ya malaria kali. Ndiyo maana urithi huo umeenea kandokando ya ziwa letu lenye mbu. Na dani je? Safari ndefu bila maji ya kutosha, baridi ya usiku, malaria: hayo ndiyo huamsha maumivu. Dani alikuwa karibu tu.

Sasa tuje kwetu kanisani. Maumivu hayo huja, hukaa siku kadhaa, kisha hupungua. Kama mganga alipeana dawa wiki hiyo, sifa ni zake. Kama tuliomba sisi, tunamwita mama mbele atoe ushuhuda. Lakini kuna mama mwingine alifunga na kuomba vile vile, na mtoto akazikwa. Huyo hatumpi maikrofoni. Anakaa nyuma, na tunanong'ona ati imani yake ilikuwa ndogo. Tukihesabu waliopona peke yao, tunajidanganya, na tunamwongezea dada yetu msiba juu ya msiba.

Mtu atauliza: basi Mungu haponyi? Anaponya, na tutaendelea kuomba. Lakini kumshukuru Mungu ni jambo moja, na kujua kwa nini huyu alipona na yule akafa ni lingine. La pili hatujapewa. Katika Yohana 9 wanafunzi walitafuta mkosaji, kipofu au wazazi wake. Yesu alikataa yote mawili, kisha akamhudumia yule kipofu.

Kwa hivyo, kabla ya kumtaja mtu, mpeleke mtoto hospitalini apimwe damu. Dawa za kupunguza maumivu hayo na kuzuia maambukizi zipo. Kama uliacha kupeleka watoto kwa dani, rudi ukamwombe msamaha. Na ukikosa jibu, sema "sijui". Neno hilo halipunguzi imani.

Swali la ushirika wa nyumbani: Ni nani katika boma lenu anabeba lawama ya jambo ambalo hakuna aliyelichunguza?