Ni Nani, au Ni Nini?

Katika vijiji vyetu vya pwani hii, toka Mikindani na Mtwara hata Msimbati na mdomo wa mto Ruvuma, mara nyingi mtoto afapo, kabla ya kuanua matanga swali limekwisha kuulizwa: Ni nani aliyemwua? Hatuulizi ni nini. Twauliza ni nani. Na jina litajwapo, aghalabu ni la bibi kizee asiye na mtu wa kumtetea. Basi yafaa tufikiri habari ya sababu za kufa, hata kwa kutazama mafundisho ya watu wasio wa dini yetu.

Buddha alikuwa mwalimu wa Bara Hindi, aliyeishi miaka mingi kabla ya Kristo. Wafuasi wake wana hekalu hata Dar es Salaam. Alifundisha ya kuwa kila jambo lina sababu, na sababu nayo ina sababu yake, kama pete za mnyororo. Pete hizo huhesabiwa 12. Kufa kwatokana na kuzaliwa. Na ukizidi kurudi nyuma, wafika kwenye tamaa, na mwisho kwenye ujinga, yaani kutojua mambo yalivyo. Maadamu tamaa haijazimika, wasema, maisha huwaka tena baada ya kufa, kama taa iwashwavyo kwa taa, wala hapana roho idumuyo inayohama.

Wafuasi wake husimulia habari za mwanamke aliyefiwa na mtoto, akazunguka akitafuta dawa ya kumfufua. Buddha akamwambia alete mbegu za haradali kutoka nyumba isiyofiwa kamwe. Alibisha hodi kila mlango, asiione. Ndipo alipofahamu, akamzika mwanawe. Angalieni, hakuambiwa amtafute mwuaji.

Wako wasemao ya kuwa ateswaye alistahili kwa matendo ya maisha yaliyopita. Hilo nalo ni kumtafuta mkosaji. Lakini vitabu vyao wenyewe vyasema ya kuwa Buddha alikana ya kwamba kila maumivu yatoka huko; mengine hutoka katika mwili, au katika kugeuka kwa majira. Na Bwana wetu alipoulizwa juu ya kipofu tangu kuzaliwa, kama ni yeye aliyetenda dhambi au wazazi wake, alijibu ya kuwa si yeye wala si wao.

Sisi hatusadiki kuzaliwa tena na tena. Twasadiki ya kuwa mtu hufa mara moja, na uhai wake ni kipawa cha Mungu. Lakini kama Mungu ndiye mwenye uhai, mbona twampa jirani uwezo wa kuuondoa kwa jicho lake? Katika mwaka 1897, huko huko Bara Hindi, tabibu Ronald Ross alikuta vijidudu vya malaria ndani ya mbu. Aliuliza ni nini, akapata jibu lililookoa wengi. Aulizaye ni nani hupata adui tu, na mbu abaki palepale.

Basi, ndugu, mtoto akishikwa na homa, tumpeleke hospitali siku ile ile, tusingoje ramli. Na Mungu akimtwaa, tumwite na yule bibi kizee matangani, tumpe nafasi mkekani, alie pamoja nasi.