Jumatano: Chura Asiyeliwa

Soma Mwanzo 6:19–21 na 7:1–3. Wanyama wasio safi waliingizwa safinani kwa kusudi gani?

Mvua zikianza Mpui, vyura hulia mabondeni usiku kucha. Hutaga mayai majini, mayai huwa viluwiluwi, na viluwiluwi hukua wakawa vyura. Lakini chura wa Kihansi hafuati njia hiyo. Yeye hazidi sentimita 3, wala hatagi mayai: huzaa watoto ambao tayari ni vyura kamili. Aligunduliwa mwaka 1996 katika korongo la mto Kihansi, kwenye milima ya Udzungwa, akiishi kwa manyunyu ya maporomoko ya maji. Hajapatikana mahali pengine popote duniani.

Mto huohuo ulijengewa bwawa la umeme wa megawati 180. Maji yalipoelekezwa kwenye mitambo, manyunyu yakapungua sana. Vikawekwa vinyunyizio, lakini ugonjwa wa kuvu ukaingia, na mwaka 2009 ikatangazwa kwamba chura huyo ametoweka porini. Uzao wake ulibaki Marekani, kwa kuwa vyura karibu 500 walikuwa wamepelekwa huko mwaka 2000 ili watunzwe.

Je, ilikuwa haki kumgharamia chura wakati kuna mama anayejifungua gizani? Swali hilo si la kudharauliwa. Mwanadamu ana thamani kuliko shomoro wengi (Mathayo 10:31). Lakini fungu la 29 linaonyesha kwamba hata shomoro mmoja hasahauliwi na Baba.

Mfikirie Nuhu. Wanyama wasio safi hakuwatoa sadaka, wala hawakuwa chakula chake. Hata hivyo aliwapa nafasi na kuwawekea akiba ya chakula, ili uzao wao uhifadhiwe duniani. Thamani yao haikutokana na faida yake. Tena, safina iliyookoa watu ndiyo iliyookoa wanyama; Mungu hakumtaka achague upande mmoja. Kutawala viumbe (Mwanzo 1:28) ni pamoja na kubeba gharama ya kuwatunza (Mwanzo 2:15).

Umeme wa Kihansi unazalishwa. Na mwaka 2012 vyura walianza kurudishwa korongoni mwao.

Kwa majadiliano: Bonde lenye maji linapotakiwa kulimwa, au nyika kuchomwa moto, ni viumbe gani wasio na faida kwetu wanaoishi humo? Tuko tayari kuwagharamia kwa kiasi gani?