Bamvua la Msambweni

Siku za bamvua, bahari ya Msambweni, huku Kwale kwenye pwani ya Kenya, hupwa saa nne au saa tano asubuhi. Ndivyo ilivyo mwaka huu na ndivyo itakavyokuwa mwakani: mwezi ukishaandama au ukishapevuka, siku moja mbili baadaye maji huondoka mpaka mwambani, na watu hutoka kutafuta pweza kabla hayajageuka. Kwenye bamvua kubwa, tofauti ya kujaa na kupwa hukaribia mita 4. Yakifika maji mafu, juma moja baadaye, hupungua ikawa kama mita moja tu. Ni bahari nzima inayoinuliwa na kushushwa namna hiyo, kila baada ya saa 12 na dakika 25, bila kelele.

Mwenye amri juu ya maji haya ni mwezi, na wavuvi wa pwani walilijua hilo bila kitabu. Mnajimu Abu Ma'shar wa Balkh aliliandika katika karne ya 9. Galileo, pamoja na akili yake yote, alilikataa mwaka 1632, akashikilia kwamba bahari inatikiswa na mwendo wa dunia. Ni Newton, mwaka 1687, aliyeonyesha kwa hesabu kwamba nguvu ile ile inayoangusha nazi ndiyo inayoushika mwezi katika njia yake na kuivuta bahari. Mwezi ukiandama au ukipevuka, jua, mwezi na dunia hujipanga mstari mmoja, mivuto ikajumlika. Mwezi ukiwa nusu, jua na mwezi huvuta kila kimoja upande wake, na maji yakafa.

Hapo ndipo kijana aliyetoka darasa la fizikia anapouliza: kama uvutano umeeleza yote, Mungu amebaki na kazi gani? Swali lake ni la haki, na wanaomjibu kwa hasira ndio wanaomfukuza msikitini na kanisani. Sisi wakubwa tumemzoeza kumtafuta Mungu pale elimu inapokomea. Basi kila jambo linapoeleweka, yeye huona kwamba Mungu amepokonywa kitu.

Dalili za kuwepo kwa Mungu tulizorithi hazikuwa hivyo. Katika vyuo vya pwani mtoto hufundishwa sifa ishirini za Mwenyezi Mungu, kwa njia ya al-Sanusi wa Tlemcen, mwanachuoni wa karne ya 15. Ya kwanza ni wujudi, kuwepo. Dalili yake haitegemei ujinga wetu hata kidogo: ulimwengu hubadilika, kinachobadilika kina mwanzo, na chenye mwanzo hakikujileta. Mwanafalsafa Ibn Sina, aliyefariki mwaka 1037, alikuwa amepita njia jirani, nami naiona ina kina zaidi. Kila tukionacho kingeweza kutokuwepo. Vikusanye vitu vya namna hiyo vyote, hata viwe havina idadi, bado havijisimamishi bila Yule ambaye kuwepo kwake ni lazima.

Sayansi haijazivunja dalili hizi, imeziongezea mashahidi. Kuta za mawe zilizo ufukweni Msambweni ni matumbawe yaliyokuwa hai miaka 125,000 hivi iliyopita, bahari ilipokuwa juu kuliko leo. Mwaka 1963 mwanasayansi John Wells alihesabu mistari ya ukuaji wa kila siku katika matumbawe ya kale zaidi, ya miaka karibu milioni 400, akakuta kwamba mwaka wa zama hizo ulikuwa na siku 400 hivi. Siku zilikuwa fupi! Maji yanayojaa na kupwa yanaisugua dunia na kuipunguzia kasi ya kuzunguka, na mwezi nao unajitenga nasi kwa sentimita 3.8 kila mwaka. Kipimo hicho kimetokana na vioo ambavyo wanaanga walianza kuviacha huko mwaka 1969. Hata mwezi, tunaouhesabia Ramadhani na bamvua, una historia.

Katika mjadala wa redio ya BBC mwaka 1948 juu ya kuwepo kwa Mungu, mwanafalsafa Bertrand Russell alimjibu Padri Copleston kwamba ulimwengu upo tu, basi. Jibu hilo halinitoshi. Mwanasayansi akiambiwa bahari inapwa kwa sababu inapwa, hataridhika. Kwa nini aridhike hapo penye swali kubwa kuliko yote?

Wapo wanaoishia kwenye uzuri wa viumbe, na hao nawahofia. Katika mabwawa ya mito ya Kwale yumo konokono anayelea mnyoo wa kichocho. Mnyoo hutoboa ngozi ya mtoto anayeoga, akaishi miaka kwenye mishipa ya kibofu, dume amemkumbatia jike, na mtoto akakojoa damu. Ni kiumbe aliyepangika kwa ustadi wa kutisha. Dalili ya wujudi haikujengwa juu ya viumbe kupendeza, kwa hiyo mnyoo huyu haiangushi. Lakini anafungua swali la rehema, na hilo ni zito kuliko hoja zote za wanafalsafa. Nabii Ayubu alilipeleka kwa Mola wake mwenyewe, na hakukemewa kwa kulia.

Watafiti wa KEMRI, taasisi ya utafiti wa tiba ya Kenya, wamemfuata konokono huyo Kwale kwa miaka mingi, na vidonge vya prazikwanteli, dawa ya kichocho, hugawiwa watoto shuleni. Kazi hiyo naihesabu kuwa ibada, na ningependa itajwe kwenye hotuba ya Ijumaa pamoja na mwezi na bahari.